Mafumbo ya Hesabu Si Mchezo wa Kubahatisha

Katika shule zetu za msingi kuna swali moja dogo ambalo watoto wa darasa la kwanza na la pili huliuliza kila siku, na ambalo sisi watu wazima tumelizoea hata hatulisikii tena. Mwalimu huandika ubaoni fumbo la hesabu, kwa mfano: "Mzee Hamisi alivua samaki 9. Aliuza 4. Amebakiwa na samaki wangapi?" Kabla fumbo halijasomwa mpaka mwisho, mikono imekwisha kuinuliwa, na sauti zinauliza kwa pamoja: "Mwalimu, tunajumlisha au tunatoa?" Mwalimu hujibu, "Tunatoa." Watoto huandika 9 – 4 = 5, alama za vema hupigwa, na kipindi huisha kwa furaha.

Tunasema kwamba furaha hiyo ni ya bure. Mtoto aliyeambiwa atoe hakulifumbua fumbo, bali amefumbuliwa. Kazi yenye thamani katika swali lile ilikuwa ni kuamua, na kazi hiyo ameifanya mwalimu. Iliyobaki, yaani kuhesabu tisa ukaondoa nne, ni kazi ya vidole, na siku hizi hata simu ya mkononi huifanya kwa kufumba na kufumbua.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jambo la watoto wa miaka saba lipewe nafasi katika safu hii, ilhali mkoa wetu una mambo mazito ya kuzungumzwa: bei ya korosho, barabara, maji, uvuvi na gesi. Jibu letu ni kwamba mambo hayo mazito yote humfikia mwananchi yakiwa na sura ya fumbo la hesabu. Hakuna mtu anayemwendea mkulima wa Ziwani, wa Nanyamba au wa Mahurunga na kumwambia, "Kumi na saba toa nane." Mkulima huletewa kisa. Huambiwa kwamba kilo zake zilikuwa kadha, bei ilikuwa kadha, yamekatwa haya na haya, na zilizoingia benki ni hizi. Katika kisa hicho hakuna mwalimu wa kumnong'oneza ajumlishe au atoe. Akishindwa kuamua mwenyewe, ataamuliwa na mwingine, na si kila anayetuamulia anatutakia heri.

Tuchukue mfano ulio karibu. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho za mkoa huu zimekuwa zikiuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka korosho zake katika chama cha msingi, hupimwa, hupewa stakabadhi, korosho huuzwa mnadani, kisha fedha humfikia baada ya makato. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mkulima mmoja amepokea shilingi 410,000, na karatasi yake yaonyesha kwamba makato yalikuwa shilingi 65,000. Sasa anataka kujua kama korosho zake zilihesabiwa zote kwa bei iliyotangazwa mnadani. Hana budi kwanza ajue fedha zake zilikuwa kiasi gani kabla ya makato. Je, atajumlisha au atatoa? Neno "makato" linamvuta atoe, na akitoa atapata shilingi 345,000, jawabu ambalo ni upuuzi mtupu. Anayekielewa kisa chenyewe atasema: kilichokatwa nikirudishe mahali pake, nione mali yangu ilivyokuwa. Atajumlisha, atapata shilingi 475,000, kisha atakwenda kwa katibu wa chama akiwa na swali lenye miguu. Yule wa kwanza atarudi nyumbani akinung'unika kwamba ameibiwa, hali hawezi kuonyesha wapi, au atanyamaza hali ameibiwa kweli. Wahenga walituachia onyo la kutosha waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari nalo, kwa mtu asiyejua kulisoma kisa chake, ni karatasi ya kufungia karanga.

Kadhalika katika biashara ya kangomba, ule ununuzi wa korosho kwa bei ya chini nje ya mfumo, ambao serikali imeupiga vita kwa miaka mingi. Mnunuzi wa kangomba humjia mkulima wakati wa dhiki, kabla ya mavuno, na kumpa fedha kidogo kwa ahadi ya korosho nyingi. Hatusemi kwamba hesabu peke yake itaiondoa dhiki. Lakini mkulima anayeweza kulinganisha anachopewa leo na anachokipoteza kesho, akaona tofauti yake kwa shilingi, angalau anaingia mkatabani macho yakiwa wazi. Na kulinganisha huko, ndugu msomaji, ni somo la darasa la pili.

Sasa tuitazame kasoro yenyewe. Mahali pengi watoto hufundishwa njia ya mkato. Huambiwa kwamba wakiona neno "jumla", "wote" au "akaongezewa", wajumlishe. Na wakiona neno "baki", "akapoteza" au "akala", watoe. Hivyo mtoto hujifunza kuwinda neno moja na kuuacha msitu mzima. Tazameni matokeo yake. Mpeni mtoto huyo fumbo hili: "Mwanahamisi alikuwa na maembe kapuni. Alikula 3, yakabaki 5. Mwanzoni alikuwa na maembe mangapi?" Mtoto ataona "alikula", ataona "yakabaki", na bila kusita ataandika 5 – 3 = 2. Yaani amekubali kwamba Mwanahamisi alikuwa na maembe mawili, akala matatu, yakabaki matano; wala hacheki, wala hashangai! Mtoto huyohuyo, laiti angalitumwa sokoni na kurudi na hesabu kama hiyo, angalikuwa wa kwanza kuona kwamba kuna jambo limeharibika. Darasani hashangai kwa sababu amekwisha kufundishwa, bila mtu kukusudia, kwamba hesabu za shule hazina haja ya kuingia akilini.

Ugonjwa huu hauko kwetu peke yetu. Mwaka 1980 taasisi moja ya utafiti wa ufundishaji wa hisabati huko Grenoble, Ufaransa, ilitoa taarifa ya jaribio ililowafanyia watoto 97 wa madarasa ya chini. Waliulizwa: katika chombo mna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Watoto 76 kati ya hao 97 walitoa umri wa nahodha kwa kuziunganisha namba hizo. Tunaweza kuwacheka Wafaransa, lakini ni vizuri tujaribu kwanza nyumbani. Waulizeni watoto wenu: "Katika mashua iliyotoka Msimbati mna madema 12 na nyavu 3, nahodha ana miaka mingapi?" Tunachelea kwamba wengi watajibu kumi na mitano, na wachache wenye bidii zaidi watauliza kwanza kama wajumlishe au watoe.

Ili kasoro hii iondolewe, yafaa ieleweke kwamba mafumbo ya kujumlisha na kutoa, hata yale ya namba ndogo zisizozidi 20, hayafanani. Wataalamu wa Marekani, Thomas Carpenter na James Moser wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, waliwafuatilia watoto kwa miaka mitatu kuanzia darasa la kwanza hadi la tatu na kutoa matokeo yao mwaka 1984. Waliyapanga mafumbo haya kwa mujibu wa kisa kilichomo, si kwa mujibu wa alama ya kujumlisha au ya kutoa. Nasi tunaweza kuyapanga kwa mifano ya pwani yetu.

Kuna kwanza visa vya kuongezeka: Fatuma alikuwa na nazi 6, shangazi akampa 3, sasa ana nazi ngapi? Pili, kuna visa vya kupungua: mtungo ulikuwa na samaki 9, wanne wakauzwa. Tatu, kuna visa vya sehemu na jumla, ambamo hakuna kilichoongezeka wala kilichopungua: katika kikapu mna korosho 12, kati ya hizo 5 ni mbovu, nzima ni ngapi? Nne, kuna visa vya kulinganisha: Juma ana kete 6 na Asha ana kete 10, je, Asha amemzidi Juma kwa kete ngapi?

Katika kila aina, tena, kitu kisichojulikana kinaweza kukaa mahali tofauti. Kinaweza kuwa mwisho wa kisa, kama samaki waliobaki. Kinaweza kuwa katikati: "Fatuma alikuwa na nazi 6, shangazi akampa nazi kadhaa, sasa ana 9, alipewa ngapi?" Na kinaweza kuwa mwanzo, kama maembe ya Mwanahamisi. Mtoto anayelishwa kila siku visa vya aina mbili za kwanza, tena vyenye mwisho usiojulikana tu, huona kwamba njia ya kuwinda neno inafaulu, kwa kuwa visa hivyo vimetungwa ili ifaulu. Siku atakapokutana na kisa cha aina nyingine, atapotea. Na visa vya duniani vingi ni vya aina hiyo nyingine.

Hapa lugha yetu nayo ina neno la kutuambia. Tumeliita tendo hili "kutoa", na ni jina zuri. Lakini kwa Kiswahili anayetoa huondoa kitu mahali kilipokuwa. Katika kisa cha kulinganisha hakuna kilichoondolewa. Asha ana kete zake zote kumi, na Juma ana zake sita. Mtoto mwenye akili atauliza: "Kete hazikuondolewa, mbona tutoe?" Swali hilo si la ujinga, ni la mtu anayesikiliza maneno. Ubaya ni kwamba mara nyingi hujibiwa kwa ukali badala ya kujibiwa kwa mfano. Mpangeni Juma kete zake katika mstari mmoja, na Asha zake katika mstari wa pili, kete kwa kete. Zile za Asha zilizokosa mwenzi ndizo alizomzidi Juma. Mtoto ataona kwa macho yake kwamba kutafuta tofauti na kuondoa ni njia mbili zinazofika kwenye jawabu moja.

Tuongeze kwamba neno "kuzidi" na neno "kuzidisha" ni ndugu wa karibu mno masikioni mwa mtoto, na kwamba "zaidi ya" ni mtego wa kila mwaka. Asha ana kete 12, nazo ni 5 zaidi ya kete za Juma. Juma ana ngapi? Neno "zaidi" limewapeleka watoto wengi kwenye 17. Mwalimu afanye nini? Awaulize kwanza, kabla ya namba yoyote: "Nani ana nyingi? Nani ana chache?" Akishajibu kwamba Juma ndiye mwenye chache, mtoto hawezi tena kuandika 17 bila kujishuku. Swali hilo moja, "nani ana nyingi?", lina faida kuliko orodha nzima ya maneno ya kuwinda.

Watoto wetu wengi, aidha, huja shuleni na lugha zao za nyumbani. Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule nyingi za msingi tangu mwishoni mwa miaka ya sitini, nasi tunajivunia jambo hilo. Lakini hilo halituzuii kuitumia hazina aliyonayo mtoto. Katika Kimakonde cha asili sita husemwa kama tano na moja, saba kama tano na mbili. Mtoto anayezijua namba hizo kwa bibi yake amekwisha kujumlisha kabla hajaona chaki. Akiambiwa nane ongeza saba, anaweza kuona tano na tatu, tano na mbili. Tano mbili ni kumi, na tatu na mbili ni tano. Jumla kumi na tano. Mwalimu anayeijua siri hiyo ana kete za bure mdomoni mwa kila mtoto.

Isitoshe, wazee wetu hawakungoja vitabu vya hisabati ili wafundishe kuongezeka na kupungua. Waliposema haba na haba hujaza kibaba, walifundisha kujumlisha. Waliposema chovya chovya humaliza buyu la asali, walifundisha kutoa. Hawakutaja namba hata moja, bali walikionyesha kisa, na kisa ndicho kinachokaa kichwani. Na waliposema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua, hawakumaanisha kwamba mwerevu huzaliwa hivyo. Mwerevu ni aliyezoezwa kung'amua.

Sisi tuliopitia chuoni, tukaisoma Kurani kabla ya kuingia shule ya serikali, tunajua kwamba jambo hili lina historia ndefu katika elimu ya Kiislamu. Mnamo mwaka 820 hivi, mjini Baghdad, mwanachuoni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu ambacho jina lake ndilo lililotupa neno aljebra. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni mafumbo ya mirathi na wasia: mtu amefariki, ameacha watoto kadhaa na deni kadhaa, kila mmoja atapata nini? Na neno lenyewe "al-jabr" lina maana ya kukirudisha kilichopunguka mahali pake, kama muunga mifupa anavyourudisha mfupa uliovunjika. Ndilo alilolifanya mkulima wetu aliyerudisha makato yake, na ndilo analotakiwa kulifanya mtoto kwa maembe matatu ya Mwanahamisi. Hivyo basi, asidhani mtu kwamba tunawatakia watoto jambo geni kutoka ng'ambo. Tunawatakia urithi wao.

Yapo mapingamizi, nayo ni ya haki kusikilizwa. Pingamizi la kwanza ni la walimu, nao wana uzito wa kusema. Tangu elimu ya msingi bila ada ianze kutekelezwa Januari 2016, watoto wamemiminika shuleni, na kuna madarasa ambamo mwalimu mmoja anakabiliana na watoto themanini, mia au zaidi. Atawezaje kumsikiliza kila mmoja akisimulia kisa chake? Hatuwezi kuwabeza walimu hao, na wajibu wa kuongeza walimu na vyumba vya madarasa unabaki pale pale. Hata hivyo, njia tunayoisema haihitaji fedha. Watoto wawili wawili wakae pamoja. Mmoja asimulie, mwenzake aonyeshe kwa mbegu. Korosho mbovu, kokwa, kome za pwani na vijiti havinunuliwi. Kijana gani wa pwani hii hajui kete za bao, zile 64 zinazozunguka katika mashimo 32? Watoto mia wenye kete kumi kila mmoja ni darasa lenye vifaa kuliko watoto mia wanaotazama ubao mmoja.

Pingamizi la pili ni kwamba mtoto wa darasa la kwanza hajui kusoma bado, hivyo mafumbo yamngoje mpaka afike darasa la tatu. Pingamizi hili linachanganya kusoma na kufahamu. Fumbo husimuliwa kwa mdomo, na watoto wa Kiswahili wamelelewa kwa vitendawili na hadithi. Carpenter na Moser walikuta kwamba watoto waliweza kutatua mafumbo mengi ya namna hii hata kabla ya kufundishwa kujumlisha na kutoa, kwa kukiigiza kisa kwa vitu au vidole. Uwezo huo wanakuja nao. Hasara ni kwamba shule, badala ya kuujenga, huweza kuufukia kwa kuwazoeza watoto kungoja waambiwe.

Ushahidi mwingine ulitoka Recife, nchini Brazil. Mwaka 1985 Terezinha Carraher na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto watano waliokuwa wakichuuza bidhaa mitaani, wenye umri wa miaka 9 hadi 15. Katika biashara yao, watoto hao walijibu sawasawa maswali 98 katika kila 100. Walipopewa hesabu za namna hiyohiyo kama mafumbo ya shule walipata kiasi cha 74 katika 100, na walipopewa namba tupu bila kisa chochote walishuka hadi 37. Watoto ni walewale, na namba ni zilezile. Kilichobadilika ni kwamba kisa kiliondolewa. Je, hatuna watoto kama hao katika soko la samaki na katika kituo cha mabasi cha Mtwara, wanaouza karanga na mayai na kurudisha chenji bila kukosea, kisha shuleni wanapewa sufuri?

Pingamizi la tatu ni la mtihani. Husemwa kwamba maneno ya kuwinda huwasaidia watoto kupata alama. Hatukatai kwamba mara nyingine husaidia. Fimbo ya kipofu nayo humsaidia. Lakini elimu ya msingi haikuwekwa kwa ajili ya mtihani. Katika Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa Machi 1967, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba shule ya msingi yapasa iwe elimu iliyokamilika kwa mtoto atakayeishia hapo, isiwe maandalizi tu ya wachache watakaoendelea mbele. Mtoto atakayeishia hapo ndiye atakayesimama mbele ya mizani. Naye hataulizwa maswali yaliyotungwa ili neno "baki" limwonyeshe njia.

Hatusemi kwamba mazoezi ya namba tupu yaachwe. La, hasha. Mtoto lazima ajue kwa moyo kwamba 7 na 8 ni 15, kama anavyojua jina la mama yake, ili akili yake iwe huru kukishughulikia kisa. Mazoezi ni jembe, na kisa ni shamba. Asiye na jembe halimi, lakini naye aliyefundishwa kunoa jembe tu, asionyeshwe shamba, atakufa njaa.

Basi lifanyike nini? Kwa walimu, tunapendekeza utaratibu mwepesi. Kwanza, fumbo lisimuliwe na watoto walirudie kwa maneno yao wenyewe, bila kutaja jawabu. Pili, walionyeshe kwa kete, kwa vitendo au kwa mchoro. Tatu, waandike sentensi ya hesabu, wakiweka kisanduku kitupu mahali pa kisichojulikana, hata kama ni mwanzoni. Nne, baada ya kupata jawabu, walirudishe ndani ya kisa na kuuliza: je, hili linawezekana? Maembe mawili yakiliwa matatu, yatabaki matano? Na mtoto anapouliza, "Tunajumlisha au tunatoa?", mwalimu asijibu. Amwambie kwa upole, "Nisimulie kwanza kilichotokea."

Mara moja kwa wiki watoto watunge mafumbo yao wenyewe. Mwalimu aandike ubaoni 8 – 3 = 5 na kusema: "Nipeni kisa chake." Wa Msimbati atasema habari za pweza, wa Ziwani atasema habari za mabibo, wa Kilambo atasema habari za abiria waliovuka Ruvuma. Asiyeweza kutunga kisa bado hajaijua hesabu hiyo, hata kama jawabu lake ni sahihi.

Kwa watungaji wa vitabu na mitihani, tunaomba mafumbo ya aina zote nne, yenye kisichojulikana mahali pote patatu, kuanzia madarasa ya chini. Tunaomba pia maswali machache yasiyo na jawabu, kama lile la nahodha, ili mtoto ajifunze kusema bila hofu: "Hili haliwezi kujulikana." Raia anayeweza kusema hivyo mbele ya karatasi asiyoielewa, akakataa kuitia sahihi mpaka aelezwe, ni raia aliyesoma.

Kwa wazazi, tunasema kwamba hili si jukumu la kuwaachia walimu peke yao. Mama anapopanga mafungu ya samaki, amwambie mtoto: "Yalikuwa mafungu kumi na mawili, sasa yapo saba, wateja wamechukua mangapi?" Baba anaporudi kutoka chama cha msingi asiifiche stakabadhi juu ya dari. Aifungue mbele ya wanawe, awasomee kisa chake, hata kama namba zake ni kubwa kuliko darasa lao. Nchi hii imewahi kulifanya jambo la namna hiyo kwa watu wazima. Katika mradi wa kisomo chenye manufaa, ulioanza mwaka 1968 katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, wananchi walijifunza kusoma na kuhesabu kwa vitabu vilivyozungumzia pamba yao, migomba yao na uvuvi wao. Ikiwa mkulima wa pamba aliheshimiwa kiasi cha kufundishwa kwa kazi yake, mtoto wa mkulima wa korosho naye anastahili heshima hiyo.

Kwa wakaguzi na waratibu wa elimu wa kata, ombi letu ni moja. Mnapoingia darasani, msihesabu alama za vema katika madaftari tu. Mwiteni mtoto mmoja, mpeni fumbo, na msikilize anachouliza kwanza. Akiuliza kuhusu kisa, yaani nani alikuwa na nini na kitu gani kilitokea, mpongezeni mwalimu wake. Akiuliza kama ajumlishe au atoe, mjue kwamba kazi haijaanza.

Ujinga, umaskini na maradhi vilitangazwa kuwa maadui wa taifa hili tangu uhuru, na vita hiyo haijaisha. Mara nyingi tunapoutaja ujinga tunamfikiria mtu asiyejua kuandika jina lake. Lakini uko ujinga mwingine uliovaa nguo za shule: wa mtu anayejua kuziandika namba zote, anayejua kujumlisha na kutoa, ila hajui lini afanye lipi. Mtu huyo atapita mbele ya mizani, mbele ya dirisha la benki na mbele ya mkopeshaji akiwa na cheti mfukoni, huku akingoja sauti ya kumwambia la kufanya. Sauti hiyo itakuja kweli, na tusishangae ikiwa ni ya mwenye kangomba.